Shangazi, Diwani anatoa mapovu mdomoni na mama mkwe anasema ni kichaa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, nipo Kirumba hapa Mwanza, nina kibanda cha vocha na vitu vidogovidogo karibu na mwalo. Samahani barua itakuwa ndefu ila nyumba nzima haina amani na chanzo ni paka.

Paka wetu anaitwa Diwani, ni dume, kijivu mwenye mistari, jina tulimpa kwa sababu hatumuonagi mpaka siku kuna kitu cha kula. Wiki iliyopita alianza kupiga chafya, macho yakajaa tongotongo, pua imeziba mpaka unamsikia anakoroma akiwa macho. Nikampeleka kwa dokta wa mifugo, akampima, akasema ni mafua ya paka, akanipa vidonge vya doksisaiklini kavikata vipande, nimpe kila siku mpaka viishe.

Sasa hapo ndo shida ilipoanzia. Nikaficha kipande ndani ya dagaa, akala dagaa wote akaacha kidonge sakafuni kimelambwa safi, yaani kakichambua kama mtu anayechambua mchele. Nikasaga nikaweka kwenye maziwa, akanywa kidogo akaondoka. Nikachanganya na mchuzi wetu wa sangara, akanusa tu basi. Baba watoto akasema isiwe tabu, mi nashika we tumbukiza. Tukamshika, Shangazi, kidonge kugusa ulimi tu akaanza kutoa mapovu meupe, mengi, yanadondoka mpaka kifuani, anatikisa kichwa mapovu yanaruka mpaka ukutani, akamng'ata baba watoto kidole gumba akakimbilia uvunguni.

Na mama mkwe yupo hapa, kaja kutoka Misungwi kutibiwa macho, na alikuwa amekaa palepale kaona yote. Akasema huyo paka ana kichaa. Anasema kwao kuna mtoto wa jirani aling'atwa na mbwa, akaja kufa akiwa anaogopa hata kikombe cha maji, na kama tunampenda mjukuu wake (mwanangu ana miaka miwili) basi paka atoke. Ameshaongea na kijana wa mkokoteni amtie kwenye kiroba akamtupe mbali. Mume wangu hasemi ndiyo hasemi hapana, kidole chake chenyewe anasema kidogo tu, kapaka spiriti yameisha.

Jirani naye kaja na la kwake, kashika masikio ya Diwani anasema yanachemka, ana homa, nimpe robo ya Panadol. Nimeshainunua ipo hapa mezani, nikasema nikuulize kwanza.

Toka juzi hali vizuri. Usiku naamka kumsikiliza kama anapumua. Yaani sijui nimuogope Diwani au nimuogopee.

Halafu swali dogo la mwisho, ana viroboto, na baba watoto alipewa na rafiki yake dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya maji, tukimuogesha nayo akipona ni sawa?

Wabeja sana Shangazi.

Mama Diwani, Kirumba

---

Marahaba mwanangu, pole sana na wewe na huyo diwani wako.

Kama ulivyoona, mengine nilikutumia kwa meseji jioni ileile kwa sababu hayakuwa ya kungoja. Hapa naeleza kwa kirefu maana nina hakika kuna nyumba nyingine pale Igogo au Buhongwa saa hizi kuna mtu ameshika robo ya Panadol mkononi. Na nieleweke mapema, mimi ni afisa mifugo mstaafu, kipimo cha dawa ya Diwani ni cha dokta aliyemshika na kumpima, mimi sikigusi.

Panadol. Usimpe. Si robo, si kipande, si unga kidogo kwenye kijiko. Parasetamoli kwa paka ni sumu, na si kwa sababu ya wingi tu kwamba ukipunguza inakuwa salama, ni kwamba ini la paka halina vya kutosha kile kimeng'enya ambacho ini letu linatumia kuivunja na kuitoa. Inabaki inageuka sumu, inaharibu damu, damu inashindwa kubeba hewa, utaona ufizi unakuwa wa kahawia, uso na miguu vinavimba, anahema, anakufa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kuua paka mkubwa. Dawa ya kuipinga ipo ila inataka awahi kwa dokta ndani ya saa chache. Na usije ukasema basi nitampa ibuprofeni au diklofenaki au aspirini, huko nako ni shimo lingine.

Na jirani yako hana ubaya, ila ushahidi wake ni mbovu. Joto la kawaida la paka mzima ni kama nyuzi 38 mpaka 39 na kidogo, wewe na mimi tuko kwenye 36 na nusu, 37. Kwa hiyo mkono wa binadamu ukimshika paka yeyote utaona anachemka. Homa ya paka inapimwa kwa kipimajoto, tena kwa nyuma, mwachie dokta.

La pili ni kidole cha mkwe wangu. Hapa naona mnaangalia mapovu mnaacha kidole. Meno ya paka ni membamba kama sindano, kidonda juu kinaonekana kitundu lakini chini kimeingiza wadudu mpaka karibu na mfupa, na kitundu kinajifunga haraka, uchafu unabaki ndani. Kidole gumba kikishaanza kuvimba usiku, asubuhi anaweza kuamka mkono mzima unapwita. Spiriti haitoshi. Angetakiwa aoshe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano, halafu kituo cha afya. Kama hakuosha, aoshe sasa hivi halafu aende, akifika aseme wazi kabisa nimeng'atwa na paka, paka ana chanjo au hana, ili waamue kuhusu pepopunda na kuhusu kichaa cha mbwa. Si aseme nimejikata na bati.

Sasa tuje kwa mama mkwe, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu mama yule hajakosea kuogopa. Mtu aliyeona mtoto akifa kwa kichaa cha mbwa hawezi kusahau, na paka anaweza kukipata na kukisambaza, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Usimwambie mama hujui kitu. Ila alichokiona kwa Diwani kina maelezo mengine ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyahakikisha kwa macho yake.

Dawa nyingi za paka ni chungu, na paka akionja uchungu anatoa mate mengi sana, akitikisa kichwa yale mate yanapigwa yanakuwa povu. Linaanza ndani ya sekunde chache baada ya kidonge kugusa ulimi na linaisha baada ya dakika chache, ukimpa maji kidogo linaisha mapema zaidi. Paka mwenye kichaa hasubiri umletee kidonge. Yeye utaona amebadilika tabia kabisa bila sababu, mpole anakuwa mkali anashambulia hata mguu wa kiti au mkali anakuwa mzubaifu, sauti inabadilika, anashindwa kumeza, mate yanamtoka muda wote, anayumba, miguu ya nyuma inalegea, na ndani ya siku chache amekufa. Ni tofauti na paka aliyekasirika kwa sababu watu wawili wamemkalia wanamfungua mdomo. Hata wewe ungeng'ata.

Ila hoja yenyewe ya kumpelekea mama ni hii, na mwache mumeo ndiye aiseme maana ni mama yake. Mkimtupa Diwani kwenye kiroba, mmejifungia njia ya kujua. Paka au mbwa anayefugwa akimng'ata mtu, anawekwa ndani anaangaliwa siku kumi. Akimaliza siku kumi yuko hai na mzima, maana yake siku aling'ata hakuwa na kichaa kwenye mate, na hata kama mumeo alikuwa ameshaanza sindano, wahudumu wanaweza kuzisitisha. Akitupwa, hakuna wa kumuangalia, mumeo itabidi amalizie sindano zote na nyumba nzima mkae na wasiwasi. Kwa hiyo anayetaka kumlinda mwanae na mjukuu wake ndiye anayetakiwa kumtaka Diwani abaki chumbani, mlango umefungwa, mtoto asiingie. Kumbukeni pia kumtesa mnyama ni kosa, sheria ya ustawi wa wanyama ipo toka 2008, ila hiyo usianze nayo kwa mama mkwe, utaharibu.

Hujaniandikia kama Diwani amechanjwa. Kama bado, akipona mafua apelekwe, asichanjwe akiwa mgonjwa hivi bila dokta kusema. Kirumba mpo Manispaa ya Ilemela, ofisi ya mifugo ya manispaa waulizeni lini wanachanja, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, huwa kuna kampeni sehemu mbalimbali, na watu wanapeleka mbwa tu wanasahau paka.

Haya, kula. Hili linanitisha kuliko mapovu. Paka si kama mbuzi useme ataanza kula akisikia njaa. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mwili unaanza kuvunja mafuta na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza, ini linajaa mafuta linafeli. Mafua yenyewe angepona, anakuja kufa na njaa. Toka juzi hali vizuri maana yake kesho asubuhi uko kwa dokta, haijalishi dawa zimebaki ngapi.

Kwa nini hali? Naona sababu mbili kwenye barua yako. Kwanza pua imeziba, na paka asiyesikia harufu hali. Pili, samahani mwanangu, umemtilia dawa chungu kwenye dagaa, maziwa na mchuzi, sasa kila sahani unayomletea anajua ina kitu ndani. Sahani ya chakula na dawa zitenganishe kabisa. Msafishe pua na macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Ingia naye bafuni na beseni la maji ya moto, funga mlango, mkae humo kama dakika kumi avute mvuke, beseni likae mbali asije akatumbukia, na usiweke Vicks wala kafuri wala mafuta yoyote ya harufu kali, hayo yanamdhuru. Akitoka hapo mpe sato aliyechemshwa, umetoa miba yote, hana chumvi, bado ana joto, mchambulie vidogovidogo mpe kwa kidole. Samaki awe ameiva maana samaki wabichi wa aina kadhaa wanaharibu vitamini B1 mwilini kwa paka akila kila siku. Na mchuzi wa nyumbani acha kabisa, kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka hata vikipikwa.

Maziwa nayo acha. Kuna wanaoharisha, lakini zaidi ya hapo doksisaiklini na maziwa havipatani, madini ya kalsiamu kwenye maziwa yanaishika dawa haiingii mwilini vizuri. Unahangaika kumpa halafu inapita tu.

Basi tuje kwenye kidonge chenyewe. Anza na njia ya amani. Chukua mnofu laini wa sato, tengeneza vitonge vitatu vidogo kama punje ya maharage. Cha kwanza kitupu, mpe akila. Cha pili kina dawa, kipande kizima, hakijasagwa, na mikono uliyoshikia dawa uwe umeinawa maana paka ananusa kidole. Kabla hajamaliza kumeza muoneshe cha tatu. Atameza cha pili haraka ili awahi cha tatu. Ila hii ni kwa paka mwenye hamu ya kula, Diwani kwa sasa huenda akakataa.

Akikataa, tandika kanga kitandani au mezani, mtu mmoja tu anatosha mkizoea, na mama mkwe mumuite ashuhudie tena mpeni saa ya kuhesabia. Mzungushie kanga kuanzia shingoni, miguu yote ndani, kichwa tu nje, usikaze kifuani. Wewe uwe nyuma yake, asikuone unakuja kwa mbele kama unagombana naye. Mkono wa kushoto mshike kichwa kwa juu, dole gumba na cha kati vikae kwenye mifupa ya mashavu nyuma ya midomo, usishike shingo. Inua pua iangalie dari. Pua ikiwa juu taya la chini linalegea lenyewe, hapo ndipo wengi wanakosea wanavuta mdomo kwa nguvu. Mkono wa kulia kidonge kati ya gumba na kidole cha shahada, kidole cha kati kishushe taya kwenye meno madogo ya mbele, si kwenye yale marefu ya pembeni. Dondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi katikati, ukikiweka mbele au pembeni ndo mapovu. Funga mdomo, shusha kichwa kiwe sawa, mpulizie kidogo puani au msugue koo. Akilamba pua, amemeza.

Hujamaliza. Doksisaiklini ikikwama kwenye koo la paka inaunguza, kidonda kikipona kinaacha kovu, njia ya chakula inabana, na huyo paka atatapika kila anachokula miezi yote. Kwa hiyo kila kidonge kifuatwe na maji, bomba la sindano bila sindano yake, kama kijiko cha chai cha maji, unaingiza pembeni ya shavu, kidogokidogo, anameza unaongeza. Usipige kwa nguvu na usimuinue pua juu wakati wa maji, yataingia kwenye mapafu. Au akiwa anakula, mpe samaki palepale.

Povu likitoka safari hii, mama ana saa mkononi, aone linavyoisha.

Akitapika kidonge usirudie mpaka umuulize dokta, na usikatishe dozi kwa sababu chafya zimepungua. Na muulize kitu kimoja ambacho watu wanaona aibu kuuliza: dokta, mimi hivi vidonge nimeshindwa, kuna ya maji au ya sindano? Sindano tatu kwa dokta ni bora kuliko vita kila asubuhi. Mwambie na uzito wake mara kwa mara, upo mwaloni hapo, mizani ya samaki ipo kila kona, muweke kwenye kikapu chenye mfuniko upime halafu utoe uzito wa kikapu. Paka anayepungua hata nusu kilo ni habari kubwa.

Kuhusu usiku, acha kumsikiliza kwa hofu, hesabu. Akiwa amelala, kifua kikipanda na kushuka ni mara moja, hesabu dakika nzima. Chini ya 30 lala. Ikizidi 30 na ikaendelea hivyo, piga simu kwa dokta. Akipumua mdomo wazi kama mbwa hakuna kuhesabu, unamuondoa usiku huohuo. Ufizi uwe wa pinki, ukiwa mweupe, bluu, njano au kahawia, ondoka naye. Na kwa kuwa ni dume, angalia mchanga wake anaojisaidia. Dume akichuchumaa akichuchumaa analia na hakuna kinachotoka, watu wanasema amefunga choo wanamnywesha mafuta ya kula, kumbe mkojo ndio umeziba, na huyo ana siku moja au mbili tu. Hilo ni la saa ileile, hata kama ni saa nane usiku na huna nauli, kopa.

Mwisho viroboto. Hapana, mwanangu. Dawa za kuogeshea ng'ombe zina vitu kama amitrazi au jamii ya permetrini, mwili wa paka hauviwezi, na hata usipozidisha atajilamba manyoya yote azimeze, aanze kutetemeka na kupata degedege. Za mbwa pia hivyohivyo, soma lebo, kama haijaandikwa ya paka usimpake. Kwa sasa chanuo la meno membamba na bakuli la maji ya sabuni pembeni, kila kiroboto unachonasa unachovya humo, matandiko yake unafua kwa maji ya moto unaanika juani, akipona dokta atakupa ya paka kwa uzito wake. Na hiyo chupa, umesema ni chupa ya maji, haina lebo, na nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili. Itoke leo, mumeo airudishe kwa rafiki yake huyohuyo, na njiani apitie kituo cha afya na kidole chake.